Akaota Nini, Mwalimu?

Mwalimu,

Ni Furaha. Yule wa soko la Nyawera, wa chumba kidogo cha kuchapa na kufotokopi, uliyekuwa unaniita mkono wako wa kulia unaokosea. Jumapili tunamaliza kilio chako, mwaka umetimia, na binti yako Neema anataka siku hiyo kitabu chako kiwe mezani, kimeshonwa vizuri, watu wakishike na kukisoma. Nimechapa kaye zako zote saba, madaftari yale uliyoyaandika kwa mkono. Nimefika ukurasa wa mwisho, na leo ni siku ya tatu nimekwama kwenye neno moja lililonishinda mwaka mzima. Ndiyo maana nakuandikia. Nani mwingine nimuulize?

Neno lenyewe ni "akaota". Umeandika: "Nabintu akasimama ndani ya maji, akamtazama mwanawe, akaota". Halafu kaye ni nyeupe. Hakuna nukta, hakuna kitu. Akaota nini, Mwalimu?

Najua ungecheka. Ungesema katika watu wote wa Bukavu, ni mimi tena ninayesumbuliwa na neno hilo. Na ni kweli, aibu yangu ya kwanza mbele yako ilitoka hapohapo.

Unakumbuka ulivyoingia siku ya kwanza? Mvua ilikuwa imekupiga toka kwako Cimpunda, kaye umezifunga kwenye mfuko wa plastiki, zimelowa hata hivyo. Ulisema "samahani" mara nne kabla sijajua unataka nini. Mimi nachapa barua za kuomba kazi, mialiko ya harusi, kazi za mwisho za wanafunzi. Hadithi hakuna mtu aliyewahi kuniletea. Na Kiswahili chako, Mungu wangu. Ujana wako wote uliuishi Kigoma, ukarudi nyumbani na Kiswahili kilichopigwa pasi, watoto wa Cimpunda wakakuita Mutanzania. Ulifundisha miaka mingi hadi ukastaafu, na bado ulikuwa unaongea hivyohivyo, hata ukinunua sambaza, visamaki vya ziwa letu. Nilijiambia muzee huyu atanichosha. Nikaanza kuchapa ili uondoke haraka.

Hukuondoka. Na mimi, ukurasa wa tano, sikutaka uondoke.

Acha niisimulie hadithi yako jinsi ninavyoijua, unikosoe huko uliko. Nabintu ana miaka ishirini na saba. Mtoto wake wa kike, Zawadi, bado ananyonya, na homa imemshika hadi hafungui macho. Nabintu anashuka ziwani na kumwita Bibi wa Ziwa, yule ambaye wazee walikuwa wanatutisha naye ili tusiende kuoga peke yetu. Bibi anakubali kumponya mtoto, lakini anamgeuza mama kuwa korongo. Atakaa ndege mpaka siku Zawadi atakapofikisha umri ambao mama yake anao leo. Siku hiyo atarudi kuwa mtu.

Mimi nilisikia hadithi nyingi za watu waliogeuzwa ndege na nyoka na mawe. Walirudi, ngoma ikapigwa, hadithi ikaisha. Sikuwahi kujiuliza walirudi na umri gani. Wewe uliniuliza, ukiwa umeshika kikombe cha chai ya tangawizi, kama mtu anayeuliza njia ya kwenda Muhumba: "Furaha, ile miaka ishirini na saba inahesabiwa kwenye mwili gani? Ndege anazeeka, au ni yule mwanamke aliye ndani yake?" Nilikwenda nyumbani nikapika bugali ikaungua, nawaza korongo.

Kumbe jibu lilikuwa kwenye kaye ya tatu. Bibi wa Ziwa anamwonya Nabintu kwa neno moja: "Usiote. Ukiota, utazeeka." Basi. Na baada ya hapo bati lako lilikuwa limevuja juu ya kurasa tatu nzima, wino umekuwa matope. Ukaniambia, "Jaza mwenyewe kadiri unavyoelewa, mimi nitasahihisha."

Nikajaza. Nilijivunia sana kazi ile. Niliandika korongo anakimbia jua. Saa sita mchana anajificha kwenye matete, wenzake wakipanda juu ya mawe yeye anabaki kivulini, miguu ndani ya maji, anatetemeka. Wavuvi wakiwasha moto ufukweni anaruka mbali. Kurasa tatu za baridi.

Ulipozisoma ulivua miwani, ukaivaa tena. Ukaniuliza, "Furaha, huyu ndege ana malaria?"

Nikakujibu kwa Kiswahili changu, maana nilikuwa nimekasirika kidogo: "Si ni ule Bibi alimukataza kuota? Njo anakimbia jua."

Sisi hapa ndoto tunalota. Tunaota jua na moto. Nani angenieleza kwamba huko kwenu Kigoma yote hayo ni neno moja? Ulicheka mpaka ukashika meza, na mama mmoja aliyekuwa anasubiri fotokopi akacheka pia bila kujua kwa nini. Mimi masikio yalikuwa yanawaka. Nilitaka kufuta zile kurasa palepale.

Halafu ukazisoma mara ya pili. Ukaomba kalamu, ukaandika pembeni: ziachwe. Uliniambia ndege akiota jua atasinzia, akisinzia ataota ndoto, na akiota ndoto atazeeka, kwa hiyo Furaha amekosea mpaka akafika mahali sahihi. Ndivyo sheria ya hadithi ilivyozaliwa, kutoka kwa ujinga wangu. Baridi haizeeshi. Miaka inapita pembeni ya yule asiyeota, haimgusi. Ni ndoto ndiyo inayoiita miaka ije. Na toka siku hiyo uliacha kusema "kitabu changu". Ulisema "kitabu chetu", hata mbele za watu, na mimi nilikuwa najifanya sisikii ili urudie.

Mwaka wa tisa Nabintu anashindwa. Anatoka kivulini, anapanda juu ya jiwe, anaota jua, anasinzia, anamwona Zawadi anajisuka nywele mwenyewe, vibaya, mistari imepinda. Anaamka. Shingoni unyoya mweupe umeota. Nikakuuliza kama unyoya nao umelota ndoto, ukasema hilo ni "kuota" la tatu, la meno na majani na ndevu. Nikakuambia Kiswahili chako ni kimaskini, neno moja linafanya kazi za watu watatu. Ukasema ni mimi ninayewahesabu vibaya.

Pale ndipo nilipoanza kuipenda hadithi yetu kwa moyo wote. Nabintu sasa anajua bei ya kila ndoto. Akivumilia baridi, atarudi na miaka ishirini na saba, sawasawa na binti yake, na watatazamana kama watu wawili waliokutana sokoni. Akiota, atarudi amezeeka, lakini atamjua mwanawe, atajua alianguka wapi, ni nani alimchekesha. Anachagua kuota. Kila siku saa sita anapanda jiwe lake.

Mwalimu, lazima nikushukuru kwa jambo jingine, na sikuwahi kukushukuru ukiwa hai.

Ilikuwa Alhamisi, siku yetu. Ulikuwa unanisomea, ukainua macho katikati ya sentensi, ukasema, "Furaha, unaota mvi." Nikavuta kitambaa kichwani haraka. Nina miaka arobaini na sita. Sikuzaa, nililea wadogo zangu watano, wakakua, wakaenda. Kila Jumamosi nilikuwa nakaa mbele ya kioo nang'oa mvi moja moja, na roho inaniuma, kwa sababu nilikuwa naona nazeeka na sijaanza. Hukuniambia ni uzuri. Hukunidanganya kwamba bado niko kijana. Uliniuliza tu, kama vile ulikuwa unamuuliza Nabintu: "Uliota nini?"

Na nikakuambia. Jambo ambalo hata dada zangu hawalijui. Nikakuambia toka niache shule, mwaka ule papa, baba yangu mzazi, alipofariki, nalota ndoto moja. Nimesimama mbele ya darasa, chaki iko mkononi, watu wameketi wananingoja nianze. Na kila mara naamka kabla sijafungua mdomo.

Ulifikiri kidogo. Ukachukua kiti cha wateja, ukakiweka mbele ya meza yangu, ukakaa umenyooka kama mwanafunzi wa kwanza. Ukatoa kaye mpya, ya nane, na Bic nyekundu ukanipa mimi. Ukasema, "Basi anza. Mwalimu Furaha, nifundishe Kiswahili cha Bukavu."

Kwanza nilicheka. Wewe hukucheka. Nikaanza. Nilikufundisha "njo", ile "ndiyo" yetu, na "kulota", na "aksanti", na jinsi ya kusema "iko" bila zile "yuko" na "kiko" na "viko" unazoziweka wewe. Alhamisi ngapi tulifanya vile? Ulikuwa mwanafunzi mbaya, Mwalimu. Ulikuwa unabishana. Mara ya kwanza nilikupa kumi na moja kwa ishirini, ukalalamika njia nzima hadi kituo cha pikipiki, na Alhamisi iliyofuata ukaja umejifunza. Muzee wa miaka themanini, umejifunza. Kaye ile ninayo. Nyekundu zangu zimo zote.

Toka siku ile sijang'oa tena mvi hata moja.

Sasa niseme lile la Jumatatu, maana nimelibeba mwaka mzima. Neema alinipigia simu, akasema papa hana nguvu lakini amemaliza kitabu, anataka nije. Kwangu wanafunzi walikuwa wamejaa mpaka mlangoni, kila mtu anataka kazi yake leo. Nikasema mwambie nitapanda Alhamisi, Alhamisi ndiyo siku yetu. Uliniamini. Jumatano ukaaga. Alhamisi nilipanda Cimpunda kama nilivyoahidi, na nilikuta viti vimepangwa nje na watu wanaimba. Neema akaniwekea kaye ya saba mikononi. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa mwisho, palepale mbele ya waombolezaji, na nikakuta "akaota".

Kama ningekuja Jumatatu ungeniambia. Hicho ndicho kinachoniuma. Si kwamba ulikufa; ulikuwa umeshiba miaka, ulikuwa unasema mwenyewe. Ni kwamba ulikuwa na neno la kunipa na mimi nilikuwa nafanya fotokopi.

Mwaka huu wote nimejaribu kumaliza. Habari za mji sitakusimulia, ulikufa ukizijua, na sisi tunaishi hivyohivyo, tunafungua mlango asubuhi tunaona siku italeta nini. Lakini kila nilipopata saa moja ya utulivu nilikaa na sentensi yako. Nimeandika miisho kumi na mmoja. Akaota ndoto ya mwisho. Akaota mvi kichwa kizima, na mwanawe akamtambua kwa mvi zile. Mmoja ulikuwa mzuri kidogo. Niliuchana, kwa sababu niliisikia sauti yangu ndani yake, na yako haikuwemo.

Neema hataki kusikia habari za kuacha wazi. "Furaha, ile haiishe," ananiambia. "Watu watauliza, akaota nini? Tutawajibu nini, kwamba papa alichoka?" Yeye anataka akaota mabawa, akapaa mbinguni. Nikamwambia ni korongo, mabawa anayo tangu kaye ya kwanza. Akakasirika. Amesema Ijumaa anakuja kuchukua karatasi, ziwe zimekwisha au hazijakwisha. Ijumaa ni kesho.

Nilikuwa nimeacha barua hapo jana. Sasa ni Ijumaa, saa kumi, na nimefunga mlango nusu ili nimalize kukueleza. Sikiliza.

Neema alikuja saa sita, amebeba beseni lake la sambaza kavu, akaliweka chini bila kusalimia vizuri. Ndani kulikuwa na mtu mwingine mmoja tu, Maman Sifa, mama anayebeba mizigo hapa sokoni, amekuja kufotokopi karatasi ya shule ya binti yake. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, kile chako, kamba yake ya kubebea imelala magotini. Tukaanza kubishana, mimi na Neema, mbele yake. Mabawa, ndoto, mabawa, ndoto. Mwishowe Maman Sifa akasema, "Munisomee na mimi. Mie sijue kusoma, lakini masikio niko nayo."

Nikamsomea kurasa za mwisho. Jinsi Zawadi anavyoshuka ziwani na ndoo yake, mwanamke mzima wa miaka ishirini na saba, hajui ni siku gani. Jinsi korongo mweupe, mweupe wote sasa, anavyomwona anakuja. Nabintu akasimama ndani ya maji, akamtazama mwanawe, akaota. Nikaishia hapo, kwa sababu hakuna zaidi.

Neema akasema, "Unaona? Akaota nini?"

Maman Sifa alimtazama kama mtu aliyeuliza swali la kitoto. Akasema, "Mumuache ule mama aote jua. Myaka yote ile ndani ya baridi. Sasa mutoto wake amekuja, iko mbele yake, ataogopa nini tena? Aote tu."

Neema alikaa chini. Hakukaa kwenye kiti, alikaa juu ya boksi la karatasi. Nilifikiri amekasirika tena. Halafu nikaona mabega yanatikisika. Akasema kuna kitu hajamwambia mtu yeyote kwa sababu alikiona kidogo mno, si neno la kusimulia kwenye kilio.

Alisema Jumatano ile asubuhi uliamka na akili zako zote. Ulimwambia, "Nitoe nje, niote." Akakubeba kama mtoto, ulikuwa huna uzito tena, akakuweka kwenye kiti chako pale mbele ya nyumba ambapo kipande cha ziwa kinaonekana kati ya mabati. Akakufunika miguu. Akakuuliza, "Papa, uote jua?" maana alikuwa hajui kama unataka jua au unataka usingizi. Na wewe ukafunga macho ukasema, "Niote tu." Akaenda kuweka chai. Aliporudi ulikuwa umeshalala, na hukuamka.

Mwalimu, Maman Sifa alifanya ishara ya msalaba. Mimi nilikuwa nimeshika ukurasa ule na nikauona kwa mara ya kwanza. Ulisema umemaliza. Jumatatu ulimwambia Neema waziwazi, nimemaliza, mwambie Furaha aje. Mtu aliyekuwa anakata alama kwa nukta na mkato miaka yote ile, na mimi nilidhani ameacha sentensi njiani. Hukuacha. Ulisahau nukta tu. Nyekundu, Mwalimu. Hiyo ni nusu alama nakukata.

Neema alipangusa uso na kitambaa chake, akaja akasimama nyuma yangu, mkono kwenye bega langu. Akasema, "Weka." Nikaweka nukta. Akaota, nukta. Tukachapa ukurasa, ukatoka bado una joto, na Neema akaushika kifuani kabla hajauweka pamoja na nyingine. Jumapili nitausoma mimi mbele ya watu wote. Wakiuliza akaota nini, nitawaacha waulizane.

Na ile Jumatatu, nadhani naweza kuiweka chini sasa. Nilidhani ulikuwa unaningoja unipe neno. Kumbe neno lilikuwa limeshaandikwa, na wewe ulikuwa unataka tu nikae karibu. Kwa hilo naomba unisamehe. Kwa mengine yote, kwa kurasa tatu za baridi ulizozikubali, kwa "kitabu chetu", kwa kukaa kwenye kiti kile umenyooka na themanini zako, aksanti. Umeona nimeiandika kwa k badala ya h, na kwa i mwishoni. Kwetu ndivyo inavyotoka ikiwa inatoka moyoni, nilikufundisha.

Nakuahidi kitu kimoja, nacho nimeshakianza. Maman Sifa alipochukua karatasi yake alisimama mlangoni, akaniuliza kama ni kweli kusoma ni kazi ngumu sana kwa mtu mukubwa, kichwa chake kimeshaota mvi. Nikamwambia nilikuwa na mwanafunzi wa miaka themanini, alikuwa mbishi, na alifika kumi na nane kwa ishirini. Nikamwambia aje Alhamisi, aje na wenzake wa mizigo wakitaka. Kaye yako ya nane bado ina kurasa nyingi nyeupe, tutaanzia hapo. Nikiwa naongea naye nilishtuka kwamba nimesimama, chaki sina ila Bic nyekundu iko mkononi, na sijaamka.

Lala salama, Mwalimu wangu. Uliniacha na kazi, na kazi ni nzuri. Neema ameshachukua karatasi, wateja wamepungua, na nje jua limetoka, linapiga pale mlangoni, juu ya ngazi. Nitatoa kile kiti chako nikae kidogo.

Niote tu.

Furaha, mkono wako unaokosea